Kamera Namba Sifuri

Picha ya Ndege, Kibaha,
Jumapili.

Kaka yangu Abdulwahab,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Kisarawe, na kile kifua kimeacha kukusumbua. Mimi ni mzima wa mwili, ila akili haijatulia. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei, na sikulaumu. Mama yuko salama kule Kibuta. Mguu unamuuma asubuhi tu.

Unajua kazi yangu ofisini ni kuandika miongozo ya programu: bofya hapa, chagua pale, ili hata asiyejua aweze kurekodi video kwa kamera aliyoichomeka kwenye kompyuta. Wiki mbili zilizopita bosi wangu, dada Stellamaris, aliniambia niuandike upya mwongozo huo, maana wateja wanalalamika kwamba wanapata picha za nyuso zao wenyewe. Nikajaribu hatua moja moja. Mwongozo unasema uchague kamera namba sifuri. Nikaichagua, nikaielekeza kamera ya nje, ile ya kuchomeka, dirishani, nikarekodi. Kufungua video, najiona mwenyewe nimekunja uso. Nikarudia mara nne, nikabadilisha waya, nikazima na kuwasha. Kila mara ni mimi. Mwishowe Fabian, anayeitengeneza programu yenyewe, akanieleza kwamba katika toleo la zamani sifuri ilikuwa kamera ya nje, lakini toleo jipya linaanza kuhesabu na kamera iliyomo ndani ya kompyuta. Alisema hivyo huku anakunywa chai, kama jambo dogo. Mimi yangu niliiacha ikapoa.

Unakumbuka siku ile marehemu baba alipotaka kukaa barazani aonyeshe mipaka ya shamba kwa fimbo yake, kabla ugonjwa haujamzidi. Mimi sikupata ruhusa kazini, nikakuazima kompyuta na kamera ya ofisi pamoja na karatasi ya mwongozo. Programu ile haionyeshi picha wakati wa kurekodi, inaonyesha dakika tu, usingeweza kujua. Tulipoifungua baada ya mazishi, ilikuwa sauti ya baba ikisema kuanzia hapa mpaka pale, na uso wako kwa dakika thelathini na nane. Baba mdogo Isihaka akasema umeificha fimbo ya baba makusudi ili ujikatie upande wa mikorosho. Wewe ukaapa kwamba ulifuata karatasi. Mama akakuuliza ni karatasi gani hiyo inayomfuta mtu. Ukafungasha siku ileile.

Kaka, karatasi ile niliiandika mimi, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba toleo jipya lilipotoka niliagizwa niujaribu mwongozo mzima, nami nikabadilisha namba ya toleo na tarehe juu ya ukurasa, basi, nikautuma. Na nilipouona uso wako kwenye ile video, nilihisi palepale kwamba kosa ni la karatasi. Fabian amenithibitishia tu. Nilinyamaza kwa kuwa baba mdogo alikuwa anafoka, na nikashukuru moyoni kwamba hanifokei mimi. Miezi saba nimekaa na neno hilo.

Jana nilikwenda Kibuta nikamweleza mama yote. Hakunigombeza. Aliniomba aione video tena. Alitazama mpaka mwisho, kisha akaniambia niirudishe nyuma, akanionyesha kwamba baba anaposema “mpaka pale”, macho yako yanakwenda kushoto, yanapanda kilimani, halafu yanamrudia baba. Akasema mtu anayeficha kitu hatazami hivyo. Amemwita baba mdogo aje Jumamosi ijayo, na anataka wewe utembee naye shambani umwonyeshe ulikuwa unatazama wapi. Baba mdogo amekubali kuja. Kama ataamini, hajasema.

Sijui kama ninakuomba msamaha au ninakuomba uje. Nimeiandika barua hii mara tatu na bado sijui. Kama hutaki kunisemesha, njoo hivyohivyo kwa ajili ya mama. Mimi nitakaa jikoni.

Mama anakusalimu, na dada Zubeda pia. Nisalimie jirani yako mzee Zahoro, umwambie asante kwa kukupokea.

Ni mimi mdogo wako,
Nuria