Aliposema Mboga, Mimi Nikasikia Omena

Niaje Dada Nafuna, nisaidie kabla Ijumaa haijafika. Mimi ni fundi wa sofa hapa mtaa wa Congo, Kawangware, Nairobi, na nampenda Valerie, binti ya Mzee Kihara mwenye plot ninayopanga, na yeye pia ameanza kunisikia, sasa wiki tatu zilizopita akaenda Nyeri kumuuguza nyanya yake akaniachia iguana wake, anaitwa Daisy, ni mnyama kama kenge lakini wa kijani na mpole, akaniambia, "Morris, huyu ni mboga tu, usimpe kitu ingine," nami nikakubali mbio. Dada, mimi ni mtu wa Vihiga, na kwetu mboga ni chochote cha kuteremshia ugali, kwa hivyo Jumatatu nikampa omena, wale dagaa wa ziwani, Jumanne matumbo, Jumapili nikamnunulia firigisi za kuku huku mimi nikila sukuma kavu, na Valerie akipiga simu kuuliza kama Daisy amekula mboga namwambia amekula mpaka akalamba sahani, na sikuwa nadanganya. Juzi dadangu Mideva akapita, akamkuta amelala tu, miguu imevimba, akaniuliza, "Kwani unamlisha nini huyu?" Nikamwambia, akashika kichwa, akasema kwa kina Valerie mboga ni majani. Valerie anarudi Ijumaa, na nimefikiria kusema ni baridi ya Julai imemshika, ama nihame kabisa. Nimeogopa sana kumpoteza huyu msichana.

Morris, Congo

Morris, pole, na pia shika adabu. Nimecheka mpaka nikamwaga chai, halafu nikamhurumia Daisy. Mimi pia ni wa huko kwenu Western, nimekua nikiambiwa leo mboga ni samaki, kwa hivyo hilo neno nakusamehe. Lakini mnyama amelala mbele yako miguu imevimba na wewe unaongeza firigisi. Hilo sikusamehei.

Iguana si kenge. Kenge ndiye mwizi wa mayai na vifaranga. Iguana ni wa majani, na hiyo nyama yote, hata omena, inamharibia figo. Hizo firigisi kula mwenyewe, naona umekonda. Daisy mpe sukuma, terere, yaani mchicha, na majani ya malenge, uoshe, ukate ndogo ndogo, na maji yasikose. Na leo hii mbebe kwa daktari wa mifugo, umwambie kila kitu alichokula, usifiche hata omena moja. Miguu ya hivyo haiponi kwa kuombewa.

Mambo ya baridi achana nayo, Nyeri wanaijua baridi kukushinda. Na ukihama, utahama na mnyama wa watu ama utamwacha mlangoni? Mpigie Valerie ukiwa bado kwa daktari, umwambie umekosea na umekosea vipi, asije akasikia kwa majirani. Akikasirika ana haki, nyamaza umsikilize mpaka amalize. Akicheka, Morris, usingoje hata wiki, nenda ukamwone Mzee Kihara.