Nundu ya Natsuko

Ummu uko wapi? Shoga, nimempiga mpangaji wangu na mwiko!!

Natsuko, yule Mjapani wa chumba cha juu. Natsuko mpole, anayeinama hata akija kuomba chumvi!

Nilikuwa napika pilau. Nageuka, mlangoni kasimama mtu wa gauni jeupe, nywele zimemfunika uso wote, kimya. Audhubillahi na mwiko vikatoka pamoja. Paji la uso, paa!

Akapiga kelele, "Miska, ni mimi! Leo Halloween, sikukuu ya mizuka!"

Halloween gani na wewe mtu mzima? Akanieleza huku nimemshikia barafu. Kwao watoto hawana sana mambo ya kugonga milango kuomba peremende. Watu wazima ndio wanaojigeuza mizuka, wakaenda pati na kupiga picha.

Wallahi niliona haya. Nundu kama yai! Nikasema huyu kesho anahama.

Mara wakaingia wenzake, Wajapani watupu, wachawi na majini. Wakaizunguka ile nundu.

"Kama ya kweli! Nani kakupamba?"

Natsuko akaninyooshea kidole mimi, akainama.

Ummu, wamepanga foleni jikoni. Kila mmoja anataka nimpambe vilevile. Nifanyeje?