Kisahani Kinachoogopa Jua

Mama,

Shikamoo. Nimejaribu kuanza kwa namna nyingine mara tatu, na kila mara naona kama nimeingia ndani kwako bila kupiga hodi. Kwa hiyo shikamoo, na marahaba nitaijaza mwenyewe.

Nakuandikia nikiwa hapa hapa Busisi, kwenye meza yako ya chakula, upande ule wa dirisha linaloona ziwa. Ni saa kumi jioni. Leo tumekujengea kaburi. Msalaba umesimama, mchungaji amesali, amekula, ameondoka, na wajomba wako nje wanabishana kama saruji ilichanganywa sawasawa. Wanawake wanaosha masufuria. Mimi nimejifungia ndani kwa sababu kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu, na nikilisema kwa mdomo pale kaburini nitalia kabla ya kufika katikati. Unanijua. Kulwa ndiye hulia kwa utaratibu.

Nianze na habari. Daraja limefunguliwa. Zile nguzo ulizozitazama zikiota majini mwaka baada ya mwaka, ukisema hawa watu watamaliza mimi nikiwa kikongwe, wamezimaliza ukiwa umeshaondoka. Natoka Mirongo na pikipiki ya ofisi, nafika Kigongo ng'ambo ya pili, na kabla sijamaliza kufikiria jambo moja nimeshafika upande wa kwetu. Pale ulipokuwa ukiwakaangia sato watu waliongoja kivuko pamebaki wazi. Jirani yako Mama Sayi amehamishia jiko lake kando ya barabara, analalamika kwamba wateja wa siku hizi wana haraka hata ugali hawamalizi.

Na kisingizio changu kimekwisha. Kila uliponiomba nije kutazama mtandao nilikujibu, Mama, foleni ya kivuko. Foleni ilikuwepo. Lakini haikuwepo kila Jumamosi, na wewe uliyeshinda pale kivukoni na karai lako ulilijua hilo kuliko mimi. Hukuwahi kunisuta.

Nakumbuka siku niliyokufungia mtandao huo. Kulwa alikuwa ameondoka mwezi huo kwenda Ujerumani kutunza wazee wa watu, na wewe ulitaka kumwona uso, si kumsikia tu. Ulisema pacha mmoja akienda mbali, aliyebaki ndiye awe njia. Basi nikaja na mkoba wangu wa kazi, nikasimamisha antena juu ya paa itazame mnara, nikapitisha waya darini, nikaushusha hadi sebuleni, na mwisho wake nikaweka kile kifaa cheupe cha mviringo kinachosambaza waifai. Ofisini tunakiita akses pointi. Wewe ulikitazama ukasema kisahani, na tangu hapo hakikupata jina jingine.

Kwenye hoteli za wateja wangu huwa nakifunga kwenye dari, katikati ya chumba, kwa skrubu nne. Kwako nilikiweka juu ya kabati la vyombo, kwa sababu kivuko nilichotaka kuwahi kilikuwa kinapakia magari. Waya mmoja tu ndio unaokiletea mtandao na umeme pamoja. Kichwa cha waya huo, kule darini, nilikibana nimeinama chini ya bati, jasho likiniingia machoni, na sikukipima. Angekuwa mteja mwingine ningepima. Kwako nilijiambia, ni nyumbani tu.

Wiki mbili baadaye nikakuta umekivika kitambaa. Sikushangaa, maana katika nyumba hii hakuna kitu kilichoachwa uchi: redio ina kitambaa, jokofu lina kitambaa, jagi la maji lina kitambaa chenye shanga pembeni. Ila hiki ulikifuma maalumu, cheupe chenye ukingo wa bluu, duara sawasawa na kisahani, na katikati ukaacha tundu ili taa yake ionekane. Ulisema unapenda kuiona ile taa, inakuonyesha kuwa Kulwa yupo. Nami badala ya kukusifu nikakufokea. Nilisema, Mama, unakiziba pumzi, ndiyo maana mtandao unakatika. Ulikuwa umenilalamikia kwenye simu kwamba unakatika, na mimi nilifika na jibu kabla sijatazama chochote. Ukakivua taratibu, ukakikunja mara nne, ukakiweka kwenye droo ya vijiko. Juma lililofuata nilipokuuliza ukasema, "Sasa kinaenda vizuri, mwanangu."

Nikafurahi. Mama, nilifurahi kweli, nikaona nimemaliza kazi.

Na ulikuwa umeshaniambia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilikuwa juu ya ngazi kwenye hoteli ya watu, simu nimeibana begani, ukasema: "Doto, hiki kitu kinaogopa jua. Asubuhi kizima. Jua likikaza kinazima taa yake, jioni kinarudi." Nilicheka. Nikamsimulia na fundi mwenzangu, akacheka mpaka akakaa chini. Mteja yeyote akinipigia, swali langu la kwanza ni moja: unakatika saa ngapi? Watu hawajui kujibu. Wanasema muda wote, au unakatika tu, basi. Wewe ulinijibu kabla sijauliza.

Siku ya mazishi tulikuvusha kwa kivuko, na ilipofika saa nane mchana tulikuwa tumesimama hapo nyuma ya nyumba, jua likichoma utosi. Kulwa hakuweza kuja. Kibali chake cha kukaa kule kilikuwa kinabadilishwa, na angetoka asingeruhusiwa kurudi. Nikamwunganisha kwenye simu yangu kwa waifai yako, maana hapa nyumbani bando la simu halishiki. Aliona jeneza likitoka sebuleni. Aliwaona wajomba wakizishika kamba. Kisha uso wake ukaganda kwenye kioo, mdomo wazi, ukapotea.

Nilipompata tena ilikuwa jioni, na wewe ulikuwa umeshafukiwa. Aliamini nimekata kwa makusudi ili asione udongo ukiingia. Alisema, "Umeniamulia." Nami nikamwacha aamini hivyo. Ilikuwa rahisi kwangu kuonekana katili kuliko kukiri kwamba fundi anayefunga mitandao ya mahoteli ameshindwa na nyumba ya mama yake. Tangu siku hiyo tukawa tunaandikiana tu. Habari. Nzuri. Umekula. Nimekula. Sisi tuliobanana kwenye tumbo lako miezi tisa.

Wiki iliyopita nikaja mapema kujiandaa. Nilikuwa nimemwahidi Kulwa kwamba siku ya kujengea kaburi ataona mwanzo hadi mwisho, naye akanijibu kwa neno moja, tutaona. Nilileta kisahani kipya kutoka ofisini. Nikakibadilisha, kikafanya kazi asubuhi yote, na saa sita taa ikazima. Nikarudisha cha zamani. Nikabadili mipangilio yote ninayoijua. Nikalaumu mnara, nikalaumu mawe ya Busisi, nikalaumu hata mabati.

Mama Sayi alinikuta nimekaa sakafuni nimezungukwa na nyaya. Aliniletea viazi, akanitazama, halafu akasema bila nia mbaya kwamba hata wewe mchana hukuwa unahangaika nacho. Ulikuwa unapanda kwenye lile jiwe kubwa nyuma ya mihogo, ukiongea na Kulwa kule juu kwa bando lako, kwa sababu kule simu ilishika. Na magoti yako yale. Alisema ulikuwa unapanda ukiwa umekaa, ukijisukuma kwa mikono. Ukamkataza asinitajie. "Doto ana kazi nyingi," ulimwambia.

Nilikwenda kulitazama jiwe. Kile kipande cha gunia ulichokuwa ukikikalia bado kipo, umekichomeka kwenye ufa ili upepo usikichukue.

Niliporudi ndani nikakumbuka ulichoniambia nikiwa kwenye ngazi, na safari hii sikucheka. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimeupima ule waya, na taa zote nane za kipimio, moja kwa kila uzi ulio ndani yake, ziliwaka moja baada ya nyingine, nikauamini. Kesho yake nikangoja jua likaze. Saa saba nikapanda darini, bati likiwa halishikiki, nikaupima tena. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Ya saba haikuwaka. Nane. Nikarudia. Ya saba haikuwaka. Nikakikata kile kichwa nikakishusha kwenye mwanga. Ndani yake uzi mmoja, ule mweupe wenye mstari wa kahawia, haukufika mwisho. Ulikuwa umegusa kwa ncha tu. Kukiwa na ubaridi unagusa. Jua likikaza bati linatanuka, waya unavutika, ule uzi unaachia, na kisahani kinakosa umeme mpaka jioni.

Kinaogopa jua. Ulikuwa umelisema lote, na mimi nilikuwa nimekilaumu kitambaa.

Sikulia kule juu, joto lilikuwa kali mno. Nililia nilipofika chini, nimekumbatia ngazi yangu, na Mama Sayi akadhani nimepigwa na shoti.

Nikabana kichwa kipya. Nikakipima mara tano, nikaacha waya ulegee kidogo ili bati likitanuka usivutike. Kisha nikampigia Kulwa, kwa sauti na kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nikamwambia yote: kwamba sikukata, kwamba nilimwacha aamini hivyo, na kwamba kosa lilikuwa la mkono wangu siku ile ile niliyokifunga. Nikakiinua kile kichwa kibovu mbele ya kamera akione. Alikitazama bila kupepesa mpaka nikageuka kutazama kisahani, nikidhani kimezima tena.

Halafu akasema habari ya jua alikuwa anaijua. Wewe ulimwambia zamani, ukamfundisha apige asubuhi au jioni, na akipiga mchana asubiri kwanza upande jiweni. Ukamwambia, "Usimwambie mwenzako, atajisikia vibaya, maana yeye ndiye aliyekifunga." Siku ya mazishi hakukumbuka kwamba ni saa nane. Alikumbuka siku chache baadaye, lakini hasira ilikuwa imeshapata mahali pa kukaa, na hakujua angeipeleka kwa nani kama si kwangu. Aliniomba radhi. Mimi niliyepaswa kuomba nikabaki nasema, hapana, hapana, kama mtu anayekataa chai.

Kwa hiyo ulikuwa unatulinda sisi sote, huyu asijue ya yule, huku wewe unapanda jiwe. Mama, nakupenda, lakini kwa hili nimekukasirikia. Ungenifokea. Ungesema, Doto, umefunga ovyo, njoo urekebishe. Ningenuna, na Jumamosi ningekuja.

Nisamehe. Nimefika nilipotaka kufika. Nisamehe kwa kichwa cha waya, na kwa kicheko, na zaidi kwa kitambaa. Uzi wa pamba hauzuii mtandao. Nilijua hata siku ile. Nilitaka tu kosa liwe la mtu mwingine.

Leo saa nane, jua lile lile, Kulwa alikuwa mkononi mwangu. Aliona zege likilainishwa. Aliona jina lako likiandikwa, akasema herufi ya mwisho imepinda, na fundi akairudia. Alisikia nyimbo zote, hata ule ambao wajomba huimba kila mtu kwa sauti yake. Hakuganda hata mara moja. Alilia kwa utaratibu wake na mimi kwa fujo zangu, na tulipomaliza akaomba nimwingize ndani aone sebule. Akakitazama kisahani juu ya kabati, akauliza nguo yake iko wapi.

Nikaifungua droo ya vijiko. Kitambaa kilikuwa bado kimekunjwa mara nne, kama ulivyokiweka.

Nilikuwa nimepanga kukifunga kisahani kwenye dari kwa skrubu nne, kama hotelini. Nimekiacha hapo hapo ulipokizoea. Nimekivika kitambaa, Kulwa akinielekeza kutoka Ujerumani, sogeza kushoto, sogeza tena, mpaka tundu likakaa sawa.

Sasa naitwa nje, wajomba wanataka kuaga, nami nakuaga pamoja nao. Kesho asubuhi nitaiacha pikipiki kwa Mama Sayi nivuke daraja kwa miguu hadi Kigongo na kurudi, kama ulivyosema utafanya siku litakapokwisha. Nitakwenda pole pole, mwendo wa magoti yako. Jumamosi nitakuwa nakuja, iwe na kazi au isiwe nayo. Na mtu yeyote akiniambia kifaa chake kinaogopa jua, au mvua, au mbuzi, nakuahidi nitapanda saa hiyo hiyo kukitazama, na sitacheka mpaka nimeshuka.

Pumzika, Mama. Naiona ile taa kwenye tundu, na tangu asubuhi haijazima. Kulwa yupo. Na mimi nipo.

Mwanao,
Doto