Perege Kumi na Mmoja wa Baba Zuhura

Jumatano, Mitwero. Mawingu yamefunga tangu alfajiri, mvua haijashuka. Joto la kuchosha.

Leo ni siku ya sita tangu nitoke eda. Miezi minne na siku kumi sikuteremka bondeni kwenye bwawa la samaki la marehemu mume wangu. Mdogo wake, shemeji Hamisi, ndiye aliyewalisha kila jioni. Mungu amlipe.

Baba Zuhura alifuga perege tu. Aliwatoa kwenye ziwa dogo la kwao, huko bara, nami nilikuwepo. Samaki ishirini ndani ya ndoo moja ya maji ya ziwani. Aliwaacha na njaa siku nzima kwanza, ili wasichafue maji njiani. Kisha akakaa nyuma ya pikapu, mkono ndani ya ndoo, akikoroga taratibu wapate hewa, mpaka tukafika. Vidole vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa.

Hakufa hata mmoja.

Watu walimcheka. Kwa nini asifuge sato, anayekua upesi? Aliwajibu kwa upole kwamba sato kwao ni mto Nile, na huko Mwanza wanakomsifia alipelekwa na watu. Mwenyeji wa kule ni ngege, na leo ngege ni wa kutafutwa. "Samaki hana miguu," alikuwa akisema, "lakini huyu tumembeba dunia nzima." Hakumchukia. Alimsifu kwamba anakula chochote na anavumilia maji yoyote. Ila akiingia kwa perege huzaa nao, na baada ya muda humjui mtoto ni wa nani.

Hata perege wake mwenyewe hakutaka watoroke, maana aliwaleta yeye. Aliziba mdomo wa kutokea maji kwa wavu wa waya, na kila kabla ya masika aliukagua.

Mimi nilikuwa nachambua mchele, naitikia tu. Sikujua kwamba nilikuwa nafundishwa.

Leo asubuhi nimeteremka, nikatupa pumba. Samaki walipopanda juu nikaona mikia yenye mistari iliyosimama, mmoja, wa pili, wengi. Perege wetu hana mistari ile; hiyo ni ya sato. Nikaenda kuutazama wavu. Kutu imeula.

Nikamwita shemeji. Akasimama pale ukingoni, kofia mkononi.

"Niliwatia mie, shemeji. Baada tu ya arobaini. Nilisema mjane wa kaka asije akakosa kitoweo."

Ningemkasirikiaje? Na nikiri hapa: wiki iliyopita aliniletea samaki anayezidi kiganja, nikamuunga kwa nazi, nikauliza tangu lini perege wa kaka yake akanenepa hivi. Akacheka, "Kanenepa kwa dua." Nami nilikula mpaka mchuzi wa mwisho.

Nikampigia simu wifi yangu, anayeishi kule ziwani. Nilitaka kuwamwaga wote, nikachukue mbegu mpya kwake.

"Perege gani hao, wifi?" akasema. "Huku siku hizi tunavua hawa wenye mistari. Kuna mtu aliwaleta, alitaka kutusaidia."

Nilikaa chini kwenye majani.

Masika yako mlangoni. Bwawa likifurika, maji yanaingia mtoni, na mto una perege wake. Basi tumeyafungua maji kidogo kidogo, kitambaa cha chandarua kikiwa kwenye mdomo wa kutokea maji, tukavua kwa kimia mpaka alasiri, tope magotini. Mimi nashika, shemeji anauliza.

"Huyu?"

"Chunguni."

"Huyu mbona mistari yake si sana?"

"Si sana ndiyo nini, shemeji? Chunguni."

"Kaka alioa hakimu," akasema, nikacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Vidogo vyote nimevitoa, maana sikuweza kuapa ni vya nani. Hilo limeniuma. Majirani wote leo wamekula samaki.

Waliobaki ni wakubwa, niliowajua bila shaka. Kumi na mmoja. Wako ndani ya pipa, uani. Bwawa tutaliacha likauke, tutie chokaa, tuweke wavu mpya, ndipo warudi.

Kila nikimfikiria Baba Zuhura leo nashangaa upya. Hakuwa na cheti cha samaki. Alikuwa na ndoo, na subira ya kufikiri samaki anakwenda kuishi na nani. Sasa kwao wanaweza wasiwepo tena, na mbegu ikawa hapa, kwenye pipa la mkewe.

Je, kumi na mmoja wanatosha? Sijui.

Maji ya pipa hayana hewa. Nimekaa kwenye kigoda tangu magharibi, mkono ndani ya maji, nakoroga taratibu. Ninaandika haya kwa mkono wa pili. Vidole vya huu mwingine vimeshakunjamana.