Picha ya Ukurasa wa Mbele

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini macho yamepunguza kukusumbua, na kwamba dada anakusomea barua hii bila zile haraka zake. Sisi tu wazima, ila mimi nimechoka. Mjukuu wako mdogo anaota meno, mkubwa hashikiki.

Kazini ni pilikapilika. Jarida letu la mimea linatimiza miaka mia, na mimi ndiye ninayechapa historia yake. Kumbe toleo la kwanza lilishonwa kwa mkono! Mwaka ule karatasi zilipoadimika lilitoka kurasa nne tu, lakini likatoka. Mhariri anajigamba kwamba hawajawahi kufuta mmea waliouchapa. Amesema picha yako ya mwisho, ile ya mmea mpya wa mlimani, ndiyo itakayokaa ukurasa wa mbele. Wenzangu walinipongeza mpaka nikaenda kulia chooni.

Juzi alikuja yule mtafiti mzee aliyeuleta. Amepanda mlima mara tatu kuutafuta tena, na safari ya mwisho alishushwa kwa machela. Akatutania kwamba mmea ule ukimwona anakuja unajificha. Mwezi ujao anapanda tena.

Dada, hapa usiruke neno.

Baba, mmea ule haupo. Siku nilipokuletea ile sampuli kavu uichore, nilimshusha mkubwa mgongoni nimtafutie maji. Kugeuka, nikamkuta anatafuna jani lake la pekee. Niliogopa kufukuzwa. Nikachuma jani kwenye uzio wa jirani, nikalikausha kwa pasi, nikalibandika kwa gundi. Wewe ukachora ulichokiona, kila jino la ukingo wa jani lile. Nao wataalamu wa jarida, kama kawaida yao, wakaandika maelezo wakitazama picha yako. Kwa meno hayo wakauita mpya. Macho yako yalikuwa yameanza kufifia. Nilijua, nikategemea hivyo.

Kesho asubuhi, kabla mtambo haujawashwa, nitamwambia mhariri. Picha yako itaondolewa, na wapo watakaosema mzee alichora uongo. Hao nitawajibu mmoja mmoja. Kazi ikiisha, iishe, ingawa sijui watoto nitawalisha nini. Yule mzee hatapanda mlima tena kwa sababu yangu.

Nimetaka jambo hili ulisikie kwangu kwanza. Dada aniandikie utakachosema, hata kama ni kunikana.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mimi mwanao,
Kitindamimba wako