Saa Nne Bila Waya

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo umekupa nafuu kidogo. Sisi huku hatujambo. Kikohozi cha mama kimeondoka bila kuaga.

Nakuandikia barua kwa sababu haya hayataenea kwenye simu yako ya tochi. Mtihani wa kuchora ramani za nyumba nitaurudia tarehe ishirini Aprili. Unajua ilivyokuwa mwaka jana: kompyuta ya kuazima ilizima katikati, nyumba yangu ikabaki haina paa. Ukumbini hakuna pa kuchomeka waya. Kila mtu na kompyuta yake, saa nne mfululizo, ikizima umezima nayo. Na hii ndiyo mara ya mwisho, maana anayeanguka mara mbili hapewi ya tatu.

Huko uliko kuna maduka. Nahitaji kompyuta ndogo tu, hata ya mtumba, mradi betri ihimili hizo saa nne. Bei ikikushinda niambie ukweli, nitafute kazi nyingine.

Bintiyo

17 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila mgongo unatoa maoni yake kila ninapoinua ndoo ya zege. Msalimie mama yako, mwambie kikohozi kisirudi hata kama kimesahau kitu.

Habari ya kutafuta kazi nyingine usiniandikie tena. Miaka kumi na tisa napiga lipu kuta za watu, na ramani sijui kuisoma. Msimamizi akiikunjua, mimi naona njia za mchwa tu. Wewe utazichora. Hilo limekwisha.

Jumapili nilikwenda dukani kwa mtu wanayemwita Bei Moja. Wamempa jina hilo kwa sababu hana bei moja. Akanionyesha laptopu tatu. Ya kwanza ni mpya, nyembamba kama kigae, mshahara wangu wa miezi mitatu. Hiyo niliitazama nikairudisha taratibu nisije nikaikwaruza. Ya pili ni ya mtumba, rangi ya fedha, inang'aa, mshahara wa mwezi mmoja. Ya tatu ni mtumba pia, nene, nyeusi, herufi nyingine zimefutika, mwezi mmoja na nusu.

Nikauliza habari ya betri. Akasema, "Hiyo ya fedha imeandikwa saa nane, mzee wangu."

Nikamwambia, "Mfuko wa saruji nao umeandikwa kilo hamsini. Mimi ninayeubeba ndiye najua upi umepunjwa."

Akacheka, akasema basi nikae niipime mwenyewe. Nikakaa kwenye benchi lake la mlangoni. Barabara ile ina vumbi, kwa hiyo nikaifunika kama kitabu, nikaipakata, na kila saa nikawa nafunua kidogo nachungulia kama mtu anayetazama sufuria jikoni. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni ilitoka asilimia mia ikafika tisini na mbili. Saa nane imekula nane tu, mwanangu. Ukipiga hesabu, ina siku nne nzima. Bei Moja alinitazama kutwa, hakusema neno. Nikalipa palepale, kabla hajagundua anachouza.

Nitampa dereva wa lori la saruji akija huko mwisho wa mwezi.

Baba yako

24 Februari

Baba yangu,

Shikamoo, na pole kwa kazi. Sisi wazima.

Usiitume. Baba, kompyuta ukiifunika inalala. Wewe ulipima usingizi wake. Nilipomsomea mama barua yako alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Hata baba yako akilala hali chakula." Kisha akauliza kama mshahara wa mwezi mzima ndio umekwenda.

Kama bado unayo, ijaribu hivi. Chaji ijae, chomoa waya, ongeza mwanga wa kioo, fungua mchoro wa nyumba, uuzungushe na kuusogeza bila kupumzika. Programu ya kuchora inakula betri kuliko kuandika. Msimamizi wenu hawezi kukosa mchoro. Ikivuka saa nne, ni yetu. Isipovuka, usijilaumu. Mimi ndiye niliyepaswa kukueleza kabla hujakwenda dukani.

Bintiyo

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima kiasi cha kushika kalamu. Nimechelewa kwa sababu nilitaka kukujibu kwa kitu, si kwa maneno.

Msimamizi alinipa mchoro wa nyumba tunayoijenga, akanionyesha pa kubonyeza. Ile ya fedha haikumaliza hata saa mbili. Ilizima nikiwa bado nalitafuta dirisha. Nikairudisha.

Bei Moja akasema, "Kilichouzwa hakirudi, mzee. Tena si ulipima mwenyewe?"

"Nilipima. Na wewe uliniona nimeifunika, ukanyamaza."

"Mimi muuzaji, si mwalimu."

"Na mimi mpiga lipu. Huo ukuta wako wa nyuma unamomonyoka. Mvua ikija utauza laptopu zinazoogelea."

Akageuka kuutazama. Nadhani alikuwa hajautazama tangu apange pale. Tukapatana: naupiga lipu wote, Jumapili tatu, saruji yake, mikono yangu. Yeye anachukua ya fedha, mimi nachukua ile nyeusi. Nikampa na sharti, kwamba sishiki mwiko kabla sijaipima, safari hii ikiwa macho.

Akasema, "Mzee, wewe ni mbishi." Nikamwambia ana bahati hajakutana na mke wangu.

Nikaketi kwenye benchi lile lile, nikazungusha nyumba. Vidole vyangu vinene, mara nyumba inapinduka inasimama kwa paa. Saa nilikuwa naziandika kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, nimekuwekea humu: saa tatu, mia. Saa nne, sabini na tisa. Saa tano, hamsini na nane. Saa sita, thelathini na saba. Saa saba, kumi na sita. Ilizima saa saba na dakika arobaini. Hapo nikaomba maji ya kunywa, nikavua shati, nikaanza kazi.

Mtu akizungusha nyumba moja kwa saa nne, mwishowe anaanza kuiona. Kesho yake nilimuuliza msimamizi ule mstari uliopinda kama mundu ni kitu gani. Akasema ni mlango, unaonyesha unakofungukia. Miaka kumi na tisa na sijawahi kuuliza. Sasa namuuliza kila siku, mpaka amenichoka.

Ukuta umekwisha Jumapili iliyopita na laptopu iko kwa dereva, imefungwa ndani ya koti langu. Sura haina. Herufi zilizofutika bonyeza kwa kukumbuka. Wewe kachore.

Baba yako

21 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini umelala Jumapili hata moja. Koti lako mama amelifua, anasema lilikuwa na saruji ya kutosha kuziba ufa.

Jana nilikuwa ukumbini kabla ya mlango kufunguliwa. Karatasi yako niliiweka mfukoni. Mbele yangu alikaa kijana mwenye ile nyembamba kama kigae, ananitazama na kompyuta yangu nyeusi, anatabasamu. Kila saa nilitazama asilimia nikaikumbuka karatasi, na kila saa zilikaribiana, kwa hiyo sikuwa na haraka. Saa sita kasoro kioo chake kikawa cheusi. Akabonyeza, akabonyeza tena, kisha akaweka mikono mapajani. Niliumia, maana nilijua anachokiona. Nikainamisha kichwa nikaendelea.

Saa saba kamili nilikabidhi. Paa liko juu. Betri ilikuwa imebaki kumi na tatu.

Matokeo ni mwezi wa sita. Hiyo chaji iliyobaki nilianzia mchoro mwingine nikiwa bado nimekaa kwenye ngazi za nje, nikaumalizia nyumbani. Ni nyumba ya kiwanja chetu cha nyuma. Nimeuchapisha kwenye karatasi, nimekuwekea humu. Sikuandika maelezo pembeni. Ikikushinda, mpe msimamizi akusomee.

Bintiyo

4 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mgongo umenyamaza siku mbili, sijui unapanga nini.

Sikumpa msimamizi. Nimeisoma mwenyewe, nimekalia ndoo, wakati wa mapumziko. Vyumba vitatu. Dirisha la mama yako linatazama jua la asubuhi, umefanya vizuri. Lakini mlango wa jikoni ukifunguka unagonga mlango wa stoo. Tazama hiyo mistari miwili iliyopinda, inakatana. Nimeweka alama kwa penseli. Wa jikoni ufungukie nje.

Urekebishe, unirudishie. Lipu nitakuja kuipiga mwenyewe.

Baba yako