Familia Yenye Furaha Ikoje

Jumanne, jioni

Bado nina hasira. Leo darasani mwalimu aliuliza familia yenye furaha ikoje. Neema, anayetoka Bombo, akasema ni baba, mama na watoto wanaosali pamoja kabla ya kula. Naserian, ambaye ni Mmasai, akasema kwao ni boma zima lenye mama watatu, na hakuna mtoto anayekula peke yake. Darasa likamcheka.

Nikasimama. "Mwalimu, mimi naishi na bibi tu, tangu mama aende kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Tunacheka mpaka makande yanaungua. Nani aseme hatuna furaha?"

"Kaa chini, Nakijwa."

Sikukaa. Naserian naye akasimama.

Naogopa kesho nitaitwa ofisini. Waniite tu. Sifuti neno.